Uwekeni Msasa Chini

Asanteni, ndugu zangu. Mlionisikia mwaka jana mnajua naanzia wapi. Msasa. Wekeni chini. Nikiwachosha, ndiyo vizuri.

Printa ikigoma kuvuta karatasi, fundi anachomoa rola, ile ya mpira inayovuta karatasi, na kuikwangua kwa msasa kama anaziba pancha. Na kweli inavuta! Ndiyo maana mnanibishia. Lakini msasa unakula mpira. Rola ikipungua haiikandamizi tena karatasi inavyotakiwa, na ukikwangua upande mmoja kuliko wa pili, karatasi inaingia mshazari.

Mama mmoja mwenye steshenari aliniletea printa yake ya leza msimu wa mitihani, wanafunzi wamejaa mlangoni. Fundi wa kwanza alipiga msasa, ikaenda wiki mbili. Wa pili akapiga tena. Wa tatu alikuta mpira karibu umekwisha, basi akauvisha kipande cha tyubu ya baiskeli na gundi juu. Jamani! Rola iliyonenepa inasukuma karatasi haraka kuliko mashine inavyotegemea. Karatasi zikawa zinatoka zimekunjwa kama sambusa. Nikamwuliza, mama, siku ya kwanza kabisa ilikuwaje? Akasema, "Ilikuwa inavuta moja, inaruka moja." Basi! Lilikuwa vumbi la karatasi tu. Mafundi watatu, na hakuna aliyeshika kitambaa.

Karatasi hizi za ofisini hutiwa unga wa madini, jamii ya chaki, ziwe nyeupe na laini. Unga ule unabaki kwenye mpira, unashindiliwa, mpira unang'aa na kuteleza. Chukua kitambaa kisichoacha nyuzi, kiloweshe maji kidogo, kikamue, ufute huku unaizungusha rola mpaka kitambaa kisiwe na uchafu. Acha ikauke. Usiishike kwa vidole, vina mafuta. Maji yakishindwa, tia spiriti kidogo, lakini si kila Jumatatu, maana inakausha mpira. Petroli na thina sitaki hata kuzisikia.

Mtaniambia, "Mwalimu, mpira wenyewe umezeeka." Bonyeza kwa ukucha. Ukibonyea na kurudi, bado uko hai. Ukiwa mgumu kama kisigino cha kiatu, nunua mwingine. Rola nyingine zimevishwa mpira kama soksi. Ule unaokubali kuvuliwa, ugeuze ndani nje, utapata siku kadhaa za kutafutia spea. Ipo pia dawa ya kufufua mpira yenye methili salisileti. Inauvimbisha kidogo na kuulainisha, kwa muda. Harufu yake mnaijua, ndiyo ya dawa za kuchulia misuli. Sasa nisisikie mtu kaenda kuipaka rola dawa ya mgongo ya bibi yake! Ile ina mafuta, utaitelezesha zaidi.

Naona naonyeshwa saa. Haraka basi: ikivuta karatasi tatu kwa mpigo, msiilaumu rola, tazameni ile pedi ya kutenganisha iliyo chini yake. Na huku pwani rimu ikishafunguliwa isiachwe wazi, karatasi zinanyonya unyevu na kugandana. Mambo ya trei na springi yake, siku nyingine.

Waliokuja na rola zao wasogee mezani. Na wewe pale nyuma, huo msasa unaousukumia mfukoni nimeuona.