Camaro ya 1968: Bushi, Bolti na Shakeli za Springi za Nyuma

REHEMA: Karibuni wasikilizaji. Gari letu la leo ni Chevrolet Camaro ya mwaka 1968, ambayo mwenyewe anataka kuiendesha mjini siku za kazi na kuishindanisha katika mbio za robo maili, yaani mita 402, mwisho wa juma. Kaka Idi, ekseli ya nyuma ya gari hili inashikiliwa na springi za mabamba, kama zile za Hiace na pikapu tunazozijua sote. Kwa nini basi vifungio vyake vitushughulishe kipindi kizima?

IDI: Kwa sababu, dada Rehema, katika gari hili springi haibebi uzito tu, bali ndiyo pia mkono unaoizuia ekseli isizunguke. Dereva anapoachia klachi, magurudumu yanazunguka kwenda mbele na ganda la difu, yaani gia za katikati ya ekseli, linataka kuzunguka kinyume chake, pua yake inayopokea shafti ikiinuka. Sehemu ya springi iliyo mbele ya ekseli inapindwa hadi kufanana na herufi S, kisha inajifyatua, na tairi linaanza kurukaruka badala ya kushika barabara. Juu ya hayo, msukumo wote unaolipeleka gari mbele unapitia kwenye jicho la mbele la springi, yaani ncha yake iliyokunjwa kuwa tundu la bolti. Jicho la nyuma halisukumi chochote. Linabeba sehemu yake ya uzito na kuiachia springi nafasi ya kurefuka inapokandamizwa. Kwa hiyo mimi simwelewi mtu anayenunua bushi, yaani vile vikombe vinavyokaa kati ya jicho na bolti, za aina moja kwa mbele na nyuma eti kwa sababu zimeuzwa katika boksi moja.

REHEMA: Je, kiwandani tatizo hilo la kurukaruka lilijulikana?

IDI: Lilijulikana mapema. Camaro za 1967 zilitoka na springi ya bamba moja na shokapu zote mbili mbele ya ekseli. Katika magari ya 1968, shokapu ya kulia ilibaki mbele na ya kushoto ikahamishiwa nyuma ya ekseli, na yale yenye injini za nguvu yakapewa springi za mabamba mengi. Ndiyo maana namwomba mnunuzi aingie chini ya gari kabla ya kuagiza chochote, kwa kuwa vikalio, yaani vibao vya kukalia springi vilivyochomelewa kwenye ekseli, kwa ajili ya bamba moja havilingani na vile vya mabamba mengi.

REHEMA: Tuanze na jicho la mbele, basi. Bushi ya mpira, ya poliyurethani, yaani plastiki ngumu inayonyumbulika, au ya chuma?

IDI: Mpira wa kawaida ni mtulivu barabarani, lakini unabonyea wakati wa kuondoka, na ekseli inapata nafasi ya kusogea. Bushi ya alumini haibonyei hata kidogo, ila kila shimo la barabara litafika mgongoni mwa dereva. Tena springi inapojisokota gari likiinama kwenye kona, bushi hiyo haikubali kusokoteka pamoja nayo. Kwa gari la kazi mbili ningechagua poliyurethani mbele, nikiipaka grisi inayoifaa ili isilie kama mlango wa zamani, na nyuma ningebakiza mpira. Lakini kabla ya bushi, tazama breketi ya mbele yenyewe, kile kipande cha chuma kinachoshika jicho la mbele. Kila upande imefungwa kwenye bodi kwa bolti tatu zinazoingia katika nati za kubana, na baada ya miaka zaidi ya hamsini ya maji na kutu, nati hizo mara nyingi zimeshaliwa. Bushi ya gharama kubwa haina maana ikiwa breketi inacheza.

REHEMA: Na bolti zenyewe?

IDI: Nunua bolti za Kimarekani za daraja la 8, zenye mistari sita kichwani, zile za daraja la 5 zina mistari mitatu. Katika vipimo vya metriki, 10.9 ndiyo inayokaribiana na daraja la 8. Chuma kisichoshika kutu kinang'aa vizuri, lakini aina zake za kawaida ni dhaifu zaidi. Hakikisha pia kwamba sehemu laini ya bolti ndiyo inayokaa ndani ya bushi, na hesi ziwe nje.

REHEMA: Shakeli za nyuma je, zile pingili zinazounganisha jicho la nyuma na bodi? Wengi huziweka ndefu ili gari liinuke.

IDI: Hilo silipendi. Shakeli ndefu hubadilisha mwelekeo wa pua ya difu na kuongeza kuyumba kwa ubavuni. Kinachotakiwa ni shakeli imara ya urefu wa kawaida, ambayo gari likisimama kwa uzito wake, ncha ya chini inaelekea nyuma kidogo na bado ina nafasi ya kwenda zaidi.

REHEMA: Umeziacha yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi, mwishoni kwa makusudi?

IDI: Ndiyo, kwa sababu ziliwahi kuniadhibu. Pikapu yangu ilifungwa yubolti za zamani zilizokwisha kuvutika. Zikalegea, senta bolti, ile inayopita katikati ya mabamba, ikakatika, na ekseli ikarudi nyuma upande mmoja hadi gari likawa linatembea kimshazari kama kaa. Senta bolti kazi yake ni kuonyesha mahali pa kukaa tu. Zinazoshika ni yubolti. Kwa hiyo, kama ekseli yako inafungwa kwa yubolti, nunua mpya, zenye mviringo unaolingana na kipenyo cha ekseli yako, nawe ukipime kwanza, na uzikaze kwa zamu, kwa kukatisha pembe.

REHEMA: Na bushi za mpira zikazwe gari likiwa juu ya jeki?

IDI: La hasha. Ukizikaza magurudumu yakining'inia, mpira utabaki umesokotwa muda wote na utachanika mapema. Shusha gari likanyage chini, ndipo ukaze. Baada ya safari fupi ya kwanza, na tena baada ya mbio za kwanza, rudia yubolti kwa spana ya torki, kisha chora mstari wa rangi kuanzia kwenye nati hadi kwenye bamba, ili siku mstari ukipishana uuone hata bila kushika spana.