Kigaga Usikibandue

Ndugu zangu vinyozi, habari za upasuaji wa kupandikiza nywele mnazijua. Wateja wanarudi kutoka Istanbul, Uturuki, na bandeji kisogoni, mnawaona. Mimi nang'ang'ania siku 10 za mwanzo, maana hapo ndipo kazi yote inapoharibiwa.

Alikuja kwangu kijana mmoja, siku ya 5 tangu apandikizwe. Kichwa kinamuwasha, vigaga vimejaa, na kesho yake dada yake anaolewa. Kinyozi wake, kwa nia njema kabisa, akamsugua kwa brashi mpaka ngozi ikang'aa. Kijana akaniletea vigaga kwenye tishu. Nikakiinua kimoja kwenye mwanga wa dirisha: unywele umechomoza, na chini yake kinundu cheupe, laini, kama punje ya ufuta iliyolowa. Ule ni mzizi, jamani! Haurudishiki. Na nywele za kisogoni, inakotolewa mizizi ya kupanda, si shamba la kuvuna kila msimu. Mzizi ukishahamishwa, pale ulipotoka hapaoti tena.

Najua mtaniambia, "Lakini sista, mzizi si uko ndani?" Ndani wapi? Tundu lina kina cha milimita 4 au 5, upana haufiki hata milimita moja. Siku za mwanzo mzizi unashikiliwa na damu iliyoganda, na kigaga kimeng'ang'ania unywele. Ukikibandua, umeng'oa vyote viwili. Kwenye siku ya 10 hivi ndipo nyama inakuwa imeushika sawasawa.

"Basi tusioshe?" Sikusema hivyo! Mwingine alikaa wiki 2 bila maji, vigaga vikawa kama gome la mti. Kichwa huoshwa, kwa kawaida kuanzia siku ya 2 au ya 3, kwa kufuata alivyoagiza daktari wake. Lowesha kwa losheni aliyopewa, acha vigaga vilainike, weka povu la shampuu kwa kiganja bila kusugua, mimina maji ya uvuguvugu kwa kopo. Bomba la mvua lenye nguvu, hapana. Kucha, hapana kabisa.

Halafu, kati ya wiki ya 2 na ya 8, nywele zilizopandwa zitapukutika, na mteja atakuja akilia kwamba ametapeliwa. Mtulizeni. Zikidondoka zenyewe bila damu, mzizi umebaki, umelala tu. Huanza kuchipua mwezi wa 3 au wa 4, na matokeo huhukumiwa baada ya mwaka.

Muda unakwisha, nitakimbia. Uso kuvimba siku ya 3 au ya 4 ni kawaida. Alale kichwa kikiwa juu. Sigara aache. Jua kali na helmeti ya bodaboda, asubiri ruhusa. Mwenye vipele vigumu kisogoni au makovu ya keloidi, yale yanayovimba na kukua, amwone daktari wa ngozi kabla ya kukata tiketi. Usaha, homa, au ngozi kugeuka nyeusi kama iliyokufa: hospitali siku hiyohiyo.

Haya, leteni lile kopo na beseni. Nani anajitolea kichwa chake?