Kasuku Si Mkaidi, Hajui Tu Kwamba Hicho ni Chakula

Jambo yenu, baba na mama. Mvua imetupigia mabati nusu saa nzima na Bukavu hii naijua, itarudi. Mlio nyuma sogeeni, viti vipo.

Nianze na kosa langu. Zamani nililetewa kasuku wa kijivu, huyu wetu wa mkia mwekundu, aliyelelewa kwa karanga na alizeti tu. Nikaambiwa chakula hicho kitamuua. Asubuhi moja nikaziondoa karanga zote, nikamwekea karoti, papai na lengalenga, yaani mchicha, nikasema njaa itamfundisha. Siku ya kwanza akamwaga bakuli. Ya pili akanyamaza. Ya tatu nikamkuta chini ya tundu, amejikunyata, manyoya yametutumka, na kinyesi chake ni mabaka machache ya kijani kibichi, hakuna kitu ndani. Mke wangu hakunigombeza. Alimenya karanga mbili akampa mkononi, ndege akazila huku anatetemeka.

Tangu siku hiyo sisemi tena kwamba kasuku ni mkaidi. Aliyekula kitu kimoja tangu utotoni haoni karoti kuwa chakula. Kwake ni kitu cha rangi kali kilichoingizwa nyumbani mwake bila hodi. Porini angefundishwa na wazazi na kundi. Tunduni mwalimu ni wewe.

Na si kwamba karanga ni sumu. Zina mafuta mengi mno, kalsiamu kidogo, na vitamini A karibu hakuna. Kasuku wa kijivu huishiwa kalsiamu upesi kuliko wenzake wengi: ghafla anaanguka kutoka kijitini, anatetemeka kama mwenye kifafa, majirani wanasema amerogwa. Vitamini A ikipungua, pua zinaziba, macho yanavimba, kinywani vinatoka vidonda. Karanga zikiingia ukungu, na kwa unyevu wetu huu zinaingia, zina aflatoksini, nayo huharibu ini. Ukisikia harufu ya ukungu, tupa. Kuku naye usimpe.

Sasa jiulizeni, msituni anakula nini? Ngazi, zile tunda za mchikichi! Ile rangi nyekundu ya mawese ndiyo mwili wake unayoigeuza kuwa vitamini A. Basi kilichonifungulia mlango hakikuwa karoti. Nilichemsha kiazi kitamu cha rangi ya chungwa, nikakiponda pamoja na karanga, nikadondoshea tone la mawese. Akalilamba tone, akaendelea. Kila juma nikapunguza karanga kidogo, nikaongeza kiazi, kisha boga, kisha mahindi mabichi.

Majani yalinishinda hadi nilipoacha kuyaweka bakulini. Niliyalowesha lengalenga, nikayafunga juu ya tundu kama nguo za kuanika. Asubuhi, kabla hajapewa chochote, nikakaa kando nimempa mgongo, natafuna karoti kwa kelele. Mtoto wangu alidhani baba amechanganyikiwa. Siku ya tisa nikasikia kitu kinachanwa. Ameng'oa jani, amelikatakata, amelitupa. Nikashangilia! Maana anayekitupa amekigusa mdomoni. Siku iliyofuata alilitupa nusu tu. Pilipili nayo aliikubali mapema, mbegu na vyote. Ndege hasikii ule ukali, msiogope.

Kwa kalsiamu, ganda la yai lililochemshwa na kusagwa linasaidia, lakini bila jua la asubuhi halina kazi kubwa. Mtoeni nje, na upande mmoja wa tundu uwe na kivuli.

Sasa nisikilizeni vizuri. Avoka, yaani parachichi, hapana. Najua huku Kivu zimejaa hadi zinaoza chini ya mti, na mtoto atataka kumwonjesha ndege. Ina persini, inayomharibu moyo. Sombe mbichi, majani ya muhogo, ina sumu ya sianidi. Chokoleti, kitunguu, kahawa, chumvi, hapana. Na wewe baba unayemwekea kasuku bia ili wageni wacheke, tutaongea pembeni.

Mama pale anauliza, wa kwake amekufa, atapata wapi mwingine? Mama, pole. Usimnunue anayepitishwa mkononi mjini. Wengi wametegwa kwa ulimbo, na kwa kila anayekufikia mzima wengine wamekufa njiani. Mwaka 2016, kule Johannesburg, nchi zilikubaliana kuzuia biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini, na katazo likaanza kazi mwaka 2017. Walionyang'anywa wauzaji, baadhi wanatunzwa hapa jirani Lwiro, kwenye kituo kilichoanza na sokwe na nyani. Ukiwa na hamu, nenda kawaone wakiwa kundini.

Kilichobaki ni mizani, na hapo sibishani na mtu. Macho yanadanganya kwa sababu ya manyoya. Tafuta mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu, mpime kila asubuhi kabla hajala, andika. Tuseme alianza na gramu 450; akishuka kuelekea 405, mrudishie chakula chake cha zamani siku hiyohiyo, upumzike, mtaanza tena.

Baba mwenye tundu, mlete hapa mezani. Taratibu, weka kijiti juu ya mizani, mwache apande mwenyewe. Hivyo. Msipige makofi, atashtuka. Mia nne na kumi na mbili. Andika na tarehe ya leo; kesho asubuhi umpime tena, na usiku huu karanga zake mwachie.