Mihimili Kwanza, Mstari Baadaye

Walimu wenzangu, grafu hii ya nishati ya chembe dhidi ya kasi yake mmeizoea. Naomba msiuangalie kwanza huo mstari uliopinda, someni mihimili. Nimelisema hili miaka na miaka na leo nalisema tena, maana mwanafunzi akiona mstari unapanda wima karibu na kasi ya mwanga hujibu hapo hapo: "Chembe imeongezeka tungamo, imekuwa nzito zaidi." Mhimili wa wima umeandikwaje? Hajausoma!

Chukueni jaribio la mwanafizikia William Bertozzi, Marekani, 1964. Elektroni zinarushwa ndani ya bomba, zinakwenda mita 8.4, muda unapimwa. Zikiwa na nishati mwendo ya mega-elektronivolti 0.5 (ndicho kipimo cha nishati ya chembe), zilitumia nanosekunde 32.3, yaani sehemu za bilioni za sekunde. Zikapewa 15, yaani mara 30: nanosekunde 28. Mwanga wenyewe hutumia hizo hizo 28. Nishati yote ile, na muda umepungua nanosekunde nne na kidogo tu! Kwa hesabu za Newton, elektroni hizo zingeupita mwanga zaidi ya mara saba.

Kuna atakayeniambia: labda mashine haikuzipa nishati hiyo. Hoja nzito, na Bertozzi aliiona mapema. Alizikinga elektroni kwa kisahani cha alumini, akapima kilivyopata joto. Nishati ilikuwemo. Hapo mwacheni mwanafunzi ahangaike kidogo: nishati imeingia, kasi karibu haijasogea.

Sasa gawanyeni. Nishati ya elektroni iliyotulia ni mega-elektronivolti 0.511. Ongezeni 15, mnapata 15.511, gawanyeni kwa 0.511, inakuja 30 na kidogo. Hiyo 30 ndiyo vitabu vinaiita "tungamo limeongezeka mara 30". Hapana! Kilichoongezeka mara 30 ni nishati nzima. Anayekwenda sambamba na elektroni hiyo angeipima 0.511 ile ile. Einstein mwenyewe, katika barua ya 1948 kwa mwandishi Lincoln Barnett, alishauri tuliache tungamo hilo linalokua, tuseme nishati na momentamu. Mbona sisi bado tunalitungia maswali ya mtihani?

Mengine kwa haraka. Kwenye nusu ya kasi ya mwanga, uwiano huo wa nishati nzima kwa nishati ya chembe iliyotulia ni 1.15 tu, kwenye 0.99 ni 7, kwenye 0.999 ni 22. Protoni za CERN, ile maabara ya chembe ya Ulaya, kwa tera-elektronivolti 6.8 (tera moja ni mega milioni), zinafika 7,200 na ushei, na bado mwanga unazizidi karibu mita 3 kila sekunde. Kwa skeli ya kawaida, tofauti hiyo hamtaiona hata mkichora ukutani. Skeli ya logi, ambayo kila hatua ni mara kumi ya iliyotangulia, tutaichora kesho asubuhi. Kila mmoja aje na karatasi yake ya grafu.