Njabini: Usipande Mlima Ukaupita Mji

KASSIM: Karibuni tena kipindini. Mimi ni Kassim, niko na dada yangu Wangari, na leo hatuendi mbali na Nairobi. Tunaenda Njabini. Wangari, mtu akiwa pale Nyamakima asubuhi, anafikaje?

WANGARI: Anapanda matatu, anapita Limuru, anapanda mpaka Kinale, halafu pale Flyover gari linaacha barabara ya Naivasha na kukunja kulia. Hapo umeingia Kinangop Kusini, Kaunti ya Nyandarua. Ni chini ya kilomita 100 kutoka katikati ya jiji. Foleni ya Waiyaki Way ikikuhurumia, saa nne asubuhi ushakaa mahali na kikombe cha chai.

KASSIM: Na baridi?

WANGARI: Wewe mtu wa Mombasa utakoma. Mji uko karibu mita 2,500 juu ya bahari. Mwezi wa saba unakuta watu wamevaa makoti mazito na gamubuti saa sita mchana, na hakuna anayeshangaa.

KASSIM: Tuseme ukweli, wengi wetu Nairobi tukisikia Njabini tunafikiria kitu kimoja tu, Elephant Hill.

WANGARI: Na hapo ndipo nina kesi na nyinyi wapanda milima. Jumamosi magari yanafika alfajiri, yanapita mjini bila kusimama mpaka kituo cha msitu. Watu wanapanda, wanashuka jioni wamejaa matope mpaka magotini, wanaingia garini, kwaheri. Chakula wamebeba kutoka Nairobi. Maji ya kunywa wamebeba kutoka Nairobi!

KASSIM: Ngoja niwatetee wenzangu. Ule mlima unapita mita 3,500. Ukimaliza msitu wa mianzi unadhani umefika, kumbe bado. Kuna mahali wapandaji wenyewe wamepaita Point of Despair, na hawakukosea. Mtu akishuka hapo miguu inatetemeka, utamwambia nini kuhusu kuzunguka sokoni?

WANGARI: Basi alale. Vyumba vya kulala wageni vipo, vya kawaida tu, na blanketi nzito. Asubuhi ya Jumapili azunguke polepole. Lakini hilo la maji limenichekesha kwa sababu moja: bwawa la Sasumua liko papo hapo.

KASSIM: Hebu eleza, kuna watu wamekunywa hayo maji maisha yao yote na hawajui yanatoka wapi.

WANGARI: Lilijengwa miaka ya 1950, wakati wa ukoloni, kwa ajili ya Nairobi. Linakusanya maji ya mto Sasumua, na mengine yanavutwa kutoka mito kama Chania na Kiburu. Yanasafishwa huko huko, kisha yanateremka kwa bomba mpaka Kabete. Bwawa la Ndakaini ndilo kubwa zaidi siku hizi kwa maji ya Nairobi, lakini mafuriko ya 2003 yalipoharibu njia ya kumwagia maji ya ziada pale Sasumua, mgao wa maji ulibisha hodi Nairobi. Ukitaka kulitazama kwa karibu, omba ruhusa langoni kwanza. Lile ni bwawa la maji ya kunywa, si bustani ya pikiniki.

KASSIM: Na viazi je? Maana mimi chipsi za mjini nazijua, shamba silijui.

WANGARI: Hapo sasa tukae kidogo. Ukitoka Flyover kuelekea Njabini, kulia viazi, kushoto viazi, katikati kabichi na karoti, na ng'ombe wa maziwa kila boma. Aina wanayoipenda ni Shangi. Ndani ya miezi mitatu hivi imeshavunwa, na jikoni inaiva haraka, ndiyo maana mwenye kibanda cha chipsi anaitaka. Shida yake ni kwamba inachipua mapema mno. Mkulima hawezi kuiweka ghalani akisubiri bei ipande. Broka analijua hilo vizuri sana, kwa hiyo hana haraka. Anakuja na lori, anataja bei yake, anawasha sigara.

KASSIM: Na lumbesa juu.

WANGARI: Lumbesa! Nenda ukasimame karibu na lori linalopakiwa, ni shule kamili. Gunia linajazwa mpaka mdomoni. Wewe unafikiri limejaa. Kijana anapiga magoti, anapitisha sindano ndefu yenye kamba ya nailoni kwenye ukingo, huku na huku, mpaka panatokea kama wavu. Mwenzake anapanga viazi juu ya gunia, kimoja kimoja, vikubwa pembeni vidogo katikati, na kamba inavikumbatia. Mwishowe gunia limeota kichwa na mabega. Na bei ni ile ile ya gunia.

KASSIM: Si kuna sheria?

WANGARI: Ipo. Kanuni za viazi za 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Lakini lumbesa bado utaziona. Mkulima mwenye karo ya kulipa wiki hiyo hana nguvu ya kumwambia broka weka mizani. Kwa hiyo mgeni ukinunua ndoo yako ya viazi pale mjini, kwa Mungu, usianze kuvuta bei mpaka mama wa watu anaishiwa maneno.

KASSIM: Nimesikia. Chakula?

WANGARI: Mukimo, kabichi, nyama ya kondoo ukibahatika, chai ya maziwa matupu. Hoteli ndogo ndogo, sahani kubwa. Tusonge mbele.

KASSIM: Kondoo umewataja, na kuna jamaa wa kutazama ndege aliniambia niwaulizie kondoo wa Kinangop. Sikuelewa ndege na kondoo wanahusianaje.

WANGARI: Wanahusiana sana. Kuna ndege wa kifua cha manjano, jina lake la kitaalamu ni Macronyx sharpei, anapatikana Kenya tu, na uwanda wa Kinangop ndio ngome yake kubwa. Anaishi chini kwenye nyasi fupi zenye mashungi. Kila eka ya nyasi inayolimwa viazi, yeye amefukuzwa nyumbani. Sasa ukimwambia mkulima aache eka moja ya nyasi kwa sababu ya ndege, atakuuliza kama ndege analipa karo.

KASSIM: Na ana haki.

WANGARI: Ana haki kabisa. Ndipo kondoo wanaingia. Kondoo wakilisha, nyasi zinabaki na zinabaki fupi. Sufu inasokotwa na kusukwa mazulia, hasa na kina mama, na eneo hilo la nyasi linaleta pesa bila kulimwa. Haitoi pesa kama viazi msimu wa bei nzuri, nisidanganye mtu. Lakini ukinunua zulia pale, umempa mtu sababu ya kuacha jembe nje ya eka hiyo.

KASSIM: Kwa anayetaka kupanda mlima bado, ushauri wa haraka?

WANGARI: Jisajili kituo cha msitu na uende na askari wa misitu. Kule kuna ndovu na nyati wa kweli, usidhani ndovu wako kwenye jina la mlima tu. Epuka mwezi wa nne na wa tano, mvua ndefu inageuza njia kuwa uji. Januari na Februari ni safi.

KASSIM: Na wa kurudi jioni?

WANGARI: Asingoje giza. Ukungu ukishuka pale Kinale huoni hata taa za gari la mbele. Saa tisa, saa kumi hivi, awe ameshaketi kwenye matatu na ndoo yake ya viazi miguuni.

KASSIM: Ndoo yangu naiweka kwa keria.

WANGARI: Utalipishwa.