Ubingwa Gani Urudi WWE, na Upi Uachwe Kabatini

Mabibi na mabwana, karibuni.

Tuanze na takataka. Novemba 1999, katika kampuni ya mieleka ya WCW, iliyonunuliwa baadaye na WWE, bingwa wa televisheni Scott Hall aliuchukua mkanda wake akautupa pipani. Ubingwa huo ulikuwa umeanza mwaka 1974. Februari 2000 Jim Duggan, ambaye hadithi ya wakati ule ilimfanya mfagizi, akauokota na kujitangaza bingwa, na miezi miwili tu baadaye ukafutwa. Sogea hadi Novemba 2022, safari hii WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani. Nikki Cross anashinda mkanda wa 24/7, anaingia nyuma ya jukwaa, anautupa kama ganda la ndizi. Nao ukaishia hapo.

Mikanda miwili imetupwa kwa namna moja, lakini ya pili sitaki kuiona tena, na ya kwanza ningeirudisha kesho asubuhi. Nitaeleza kwa nini.

Sote hapa tunajua kwamba mshindi wa mieleka ya kulipwa hupangwa, kwa hiyo mkanda haumpimi nani ana nguvu. Ni kifaa cha kazi cha wapangaji wa mapambano. Mkanda mzuri una sheria yake, na sheria hiyo hulifanya pambano lake lisifanane na lile lililotangulia usiku huohuo. Ukiondoa sheria hiyo unabaki na ngozi na bati lenye kung'aa. Mwaka 2025 Raw na SmackDown, maonyesho makuu ya WWE ya kila wiki, bila kugusa NXT ya chipukizi, zilikuwa na mikanda 11: sita ya wanaume ukihesabu miwili ya timu za watu wawili, na mitano ya wanawake. Ukitaka kila mkanda utetewe mara moja kwa mwezi, tayari una mapambano 11 ya ubingwa, na onyesho moja la wiki hubeba mapambano matano, sita yakizidi. Nafasi ni finyu. Mkanda mpya unaofanana na uliopo utamnyang'anya mwenzake chakula.

Tuanze na ile isiyofaa kurudi, maana ndiyo inayodaiwa zaidi na mashabiki.

Hardcore. Vince McMahon, bosi wa kampuni, alimkabidhi mwanamieleka Mankind mkanda huo Novemba 1998, bati lake limevunjika na kuungwa kwa utepe. Mwanzoni ulikuwa na kazi: pambano bila sheria, sufuria, ngazi na makopo ya taka. Halafu mwaka 2000 ikaja sheria ya Crash Holly: bingwa atautetea saa 24, mahali popote, mradi refa yupo. Ilichekesha, nakiri. Lakini hadi unafutwa Agosti 2002 ulikuwa umebadilisha mikono mara 240. Gawanya mwenyewe: ni wastani wa chini ya siku sita kwa kila bingwa. Hakuna hadithi inayojengeka kwa siku sita. Mkanda wa 24/7 ulioletwa Mei 2019 ulikuwa mchezo uleule umepakwa rangi ya kijani, na R-Truth peke yake aliushinda zaidi ya mara 50. Yeye ndiye aliyekuwa kichekesho chenyewe. Alipoondoka kwa jeraha, mkanda ukabaki kiini cha yai bila ganda.

Ubingwa wa Ulaya nao. The British Bulldog aliushinda mjini Berlin mwaka 1997 kwa kumshinda Owen Hart katika fainali, na pambano lile bado ni tamu kulitazama. Ila baada ya hapo jina la bara zima halikuwa na maana yoyote ulingoni: ulitetewa zaidi Marekani, na Wamarekani. Desemba mwaka huohuo Shawn Michaels alijilaza chali kwa hiari ili rafiki yake Hunter Hearst Helmsley ambane mabega na kuuchukua. Mwaka 1999 Shane McMahon, mwana wa Vince, aliustaafisha, na mwanamieleka Mideon akaukuta ndani ya begi. Julai 2002 Rob Van Dam aliumeza ndani ya ubingwa wa Intercontinental. Tatizo la msingi ni kwamba "wa Ulaya" ni anwani. Anwani haibadilishi jinsi watu wanavyopigana.

Sasa ule wa televisheni. Kazi yake ilikuwa saa. Pambano lina dakika chache zilizowekwa, muda ukiisha bila mshindi ni sare, na sare humwachia bingwa mkanda. Kanuni hiyo moja inageuza tabia ya kila mtu. Mpinzani lazima ashambulie tangu kengele ya kwanza. Bingwa mjanja, kama alivyokuwa Steven Regal, anaweza kushika mkono wa mtu, akaupinda taratibu, akala dakika nne bila kutoka jasho. Mashabiki wanamzomea, na hajavunja sheria hata moja. Huyo ni mhusika mwovu wa bure, humlipii mtu wa kumsaidia kudanganya. Japani waliliona hilo: New Japan Pro-Wrestling ilianzisha mkanda wa aina hii Januari 2023, dakika 15, Zack Sabre Jr. akawa bingwa wa kwanza. WWE yenyewe ilionja wazo hilo mwaka 2024 kupitia Speed, mapambano yaliyorushwa mtandaoni, mengi yakiwa ya dakika tatu. Dakika tatu ni chache mno. Kabla hujajua nani anaumia wapi, kengele imelia.

Ningeweka dakika 15 kwa utaratibu huu. Saa inaanza kengele ikilia, wala si wakati wa muziki wa kuingia. Tarakimu zinabaki kwenye kona ya skrini hata wakati wa matangazo ya biashara. Mkichukua mapumziko ya dakika tatu na kuficha saa, mtazamaji anarudi akihisi ameibiwa. Mtangazaji wa ulingoni anataja dakika zilizobaki mara tatu: tano, mbili, moja. Akitaja kila dakika anawachosha watu.

Kinachoharibu mkanda wa aina hii ni uvivu wa wapangaji. Wakigundua kwamba sare inawaokoa kila wasipotaka mtu ashindwe, watazitumia kila wiki, na watazamaji watajifunza kwamba hakuna linalotokea kabla ya dakika ya 14. Kwa hiyo sare isizidi moja katika utetezi wa mara nane. Mengine yaishe dakika ya sita, ya tisa, ya 11, bila mpangilio unaobashirika. Na mara moja kwa mwaka, mabega yawe chini, refa amehesabu mbili, kengele ilie kabla ya tatu inayoleta ushindi. Mara moja tu. Ukirudia, umeiua.

Mkanda wa pili ninaoutetea ni Cruiserweight, yaani wa uzito mwepesi, lakini si kama ulivyokuwa. Ulipofufuliwa Septemba 2016, TJ Perkins aliushinda katika mashindano mazuri sana ya wanamieleka wasiozidi pauni 205, yaani kilo 93. Kisha WWE wakafanya makosa mawili. Kwanza waliwatenga: kamba za ulingo zilibadilishwa kuwa za zambarau kwa ajili yao katikati ya Raw, na onyesho lao la 205 Live likafanyika baada ya SmackDown, ukumbi umechoka na watu wanatafuta funguo za magari. Pili, uzito. Nyinyi mliozoea ndondi mnajua bondia hupanda mizani hadharani siku moja kabla, na akizidi pambano lina shida. Katika mieleka uzito hutangazwa tu. Tena Rey Mysterio, aliyetangazwa kwa pauni 175, alishinda ubingwa wa dunia wa uzito wa juu WrestleMania 22, Aprili 2006, dhidi ya Randy Orton na Kurt Angle. Baada ya usiku ule, kumwambia mtu mdogo kwamba mkanda wake ni wa wadogo ni kumtukana. Ubingwa huo ulizimwa Januari 2022 ulipounganishwa na ule wa North American wa NXT.

Dawa iko kwa jirani. TNA, kampuni nyingine ya mieleka, wana ubingwa wa wepesi uitwao X Division tangu 2002, na mwaka 2012 Austin Aries alikuja na hoja ambayo waliiita Option C: bingwa wa X anaweza kuurudisha mkanda wake kwa hiari na kupewa pambano la ubingwa wa dunia. Aries akaurudisha, na Julai 8, 2012 akamshinda Bobby Roode. Mwaka uliofuata Chris Sabin akapita njia hiyohiyo, akamshinda Bully Ray. Hapo mkanda wa wepesi ukageuka sarafu ya kununulia kitu kikubwa zaidi.

Kwa WWE ningeiwekea masharti matatu: awe ameutetea angalau mara tano, nafasi ifunguliwe mara moja tu kwa mwaka, na mkanda ukibaki wazi ujazwe kwa mashindano ya watu wanne ndani ya wiki mbili. Na kati ya kila watatu watakaojaribu, mmoja ashinde kweli. Wote wakishindwa, shabiki atauliza ni mpumbavu gani anaacha mkanda wa mkononi kwa ajili ya ndoto.

Wa timu za watu watatu nitaupitia haraka. Mexico wanaupenda, kampuni yao ya CMLL wanao tangu 1991, na WWE hawajawahi kuwa nao, ingawa Februari 2014 makundi ya watu watatu ya Shield na Wyatt Family yalipotazamana tu ukumbi ulishangilia kabla ya ngumi ya kwanza. Hesabu ndiyo inayozuia. Timu nane ni watu 24, na jeraha la mmoja linawaweka wawili benchi. AEW, washindani wa WWE, waliupata mwaka 2022, na mabingwa wa kwanza wakavuliwa siku chache baadaye kwa sababu ya ugomvi wa nyuma ya jukwaa. Ukiuanzisha, andika kanuni ya mbadala kabla ya kuchonga mkanda: kila kundi lisajili mtu wa nne.

Nikitaja kuchonga: upigwe picha chini ya taa za ulingo kabla haujaonyeshwa kwa umma. Agosti 2016 mkanda mwekundu wa Universal ulifunuliwa Brooklyn, na ukumbi ukatumia sehemu ya pambano kuuzomea mkanda badala ya kuwatazama Finn Bálor na Seth Rollins. Bálor akashinda akiwa ameumia bega, na kesho yake akaurudisha.

Mmeniuliza mlangoni nianze na upi. Wa televisheni. Watu wanane, mapambano saba, wiki nne, na mtu wa tisa akae tayari kwa ajili ya jeraha. Bingwa wa kwanza au wa pili aushike muda mrefu, kama Pete Dunne alivyoushika ule wa Uingereza siku 685 baada ya Tyler Bate. Na awe mtu anayejua kupinda mkono wa mwenzake taratibu huku akiitazama saa.