Bandari imefika, mtaro wetu bado: maneno ya kufunga mwaka 2024, Tanga

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo, na wale wasiokuwa na upande nao nawasalimu, hamjambo? Wazee wangu shikamooni. Hii maiki inakatakata, kijana isogeze kidogo, hapo hapo, basi.

Mimi diwani wenu sina risala leo. Kuna vitu nimeandika nyuma ya kalenda, mama watoto ananicheka ati kiongozi gani anahutubia na kalenda ya duka la simenti, nikamwambia mwaka wenyewe si umeisha, tuitumie. Kwahiyo nitaongea tu kama tunavoongea barazani, na mtu akiona nimepiga chenga akohoe.

Naanza na kijiwe cha kahawa. Kila siku baada ya magharibi nakaa pale na wazee, na kila siku mazungumzo ni yale yale: Tanga hii jamani! Tanga ya mkonge, ile miaka ya 60 nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka na mashamba makubwa mengi yako huku kwetu, Tanga ya kiwanda cha mbolea, ya kiwanda cha chuma, Tanga ya Coastal Union bingwa wa nchi 1988. Halafu mtu anapuliza kikombe anasema waja leo warudi leo, anashusha pumzi, tunaenda kulala. Mi nimekulia kwenye pumzi hizo. Baba yangu Mungu amrehemu alikuwa kibarua wa bandarini, na siku aliyoacha kuitwa kazini hakusema kitu, alikaa tu kwenye ngazi ya nyumba miezi na miezi anaangalia barabara. Sasa sio kwamba nawakataza wazee kukumbuka, nani atanielewa nikisema hivo, ila mwaka huu nimeona mambo yamenifanya nianze kuchoka na hiyo stori, maana tunavolilia kile kilichokufa tunapitwa na kinachozaliwa mbele ya macho yetu.

Tuchukue hiyo hiyo bandari. Watoto wadogo hawajui, zamani (na zamani yenyewe sio ya Mjerumani, ni juzi tu hapa) meli kubwa ilikuwa haifiki gatini. Kina kilikuwa mita 3 tu, meli inatia nanga huko nje karibu kilomita 1.7, mzigo unashushwa kwenye tishari, yaani lile boti bapa la mizigo lisilojiendesha, tishari linavutwa na tagi mpaka gatini, mzigo unanyanyuliwa tena mara ya pili. Mzigo mmoja unabebwa mara mbili, siku zinakwenda, gharama inapanda, mfanyabiashara wa Arusha au Moshi anapiga hesabu anaona bora apitishie Mombasa au Dar. Ndo ulikuwa ugonjwa wenyewe huo, hatukurogwa. Sasa pamechimbwa, kina kimefika mita 13, gati mbili zimejengwa zenye urefu wa mita 450, mradi wote shilingi bilioni 429, na sasa hivi ukisimama Raskazone unaiona meli inaingia yenyewe mpaka inafunga kamba. Mi nilienda kuangalia. Nilisimama pale kama mtoto, nikamkumbuka mzee.

Lakini nisiwadanganye hapa. Kazi aliyokuwa anafanya baba yangu haitarudi. Lile tishari lilikuwa linalisha watu wengi kwa sababu lilikuwa la shida, mzigo ukibebwa mara mbili mikono inahitajika mara mbili, sasa kreni inashusha moja kwa moja. Mama mmoja kaniuliza mbona bandari imekuwa kubwa na mwanangu bado yuko kijiweni? Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka huu, na jibu lake ni kwamba kazi ipo, ila imehama kutoka mgongoni, imeenda kwenye leseni ya kuendesha mashine, kwenye mambo ya uwakala wa forodha, kwenye magari yanayobeba, kwenye gereji, kwenye mama anayepika chakula cha madereva. Kijana anayesubiri aitwe kubeba gunia atasubiri sana. Bomba la mafuta ndo hivo hivo, kilomita 1,443 kutoka Hoima kule Uganda mpaka hapo Chongoleani, na lazima lipashwe moto njia nzima kwa sababu mafuta yenyewe yanaganda kama samli ya baridi. Vijana wetu wamepata vibarua huko, Alhamdulillah, lakini bomba likishafukiwa halihitaji watu wengi wa kulichunga. Kwahiyo aliyepata hela ya bomba mwaka huu na hakununua hata cherehani, tuongee baadae pembeni.

Sasa nifike kwenye maji, nitakaa kidogo maana nimelipenda hili jambo mpaka nyumbani wamenichoka.

Maji ya mji huu yanatoka bwawa la Mabayani, na Mabayani inajazwa na mto Zigi, na Zigi unaanzia huko juu Amani, milima ya Usambara Mashariki. Maana yake mkulima wa kule Muheza akilima mpaka ukingoni mwa mto, udongo unashuka, bwawa linajaa tope, na wewe hapa Makorora unafungua bomba linatoa kitu kama chai ya maziwa. Ndo maana kuna umoja wa wakulima unaitwa UWAMAKIZI, wahifadhi wa mito ya Kihuhwi na Zigi, wanaachana na kulima mtoni wanafanya shughuli nyingine huko huko, na mamlaka yetu ya maji inawashika mkono, kwa sababu ni nafuu kumsaidia mkulima asiharibu mto kuliko kununua dawa ya kusafisha tope. Hii akili naipenda sana. Mtu wa bondeni kamlipa mtu wa mlimani ili wote wanywe.

Halafu Februari mwaka huu Tanga UWASA, ndo hiyo hiyo mamlaka yetu ya maji, wakafanya jambo ambalo mamlaka ya maji nchi hii haikuwahi kufanya, wakatoa hatifungani ya kijani. Najua wengi mlisikia redioni mkapita. Hatifungani sio mdudu, ni kukopa kwa watu, na ikiitwa ya kijani ujue hela inakwenda kwenye miradi inayotunza mazingira. Mamlaka inasema nataka shilingi bilioni 53.12 nipanue mtambo na mabomba, nani ananikopesha? Nitamlipa riba asilimia 13.5 kwa mwaka, miaka 10, halafu hela yake namrudishia. Yaani ukiweka laki moja, kila mwaka unapata 13,500, inalipwa kwa mikupuo miwili. Watu wakaambiwa haitanunuliwa hii, nani anakopesha bomba la maji la Tanga? Ikapatikana bilioni 54.72, ikapitiliza! Mwezi wa tano ikaorodheshwa Soko la Hisa Dar es Salaam. Na lengo ni kuvuka kutoka lita milioni 45 kwa siku mpaka 60, na mabomba yaende huko Muheza, Pangani mpaka Mkinga.

Mzee wangu pale unatingisha kichwa, najua unawaza nini: deni ni deni. Kweli kabisa, na litalipwa na bili zetu, kwahiyo anayejiunganishia bomba usiku akijidhani mjanja anamwibia jirani yake aliyeweka hela yake humo. Na ni kweli vile vile waliobeba pakubwa ni wenye hela zao, sio sisi pangu pakavu. Ila kilichonigusa ni hiki, miaka yote mji huu ulikuwa unasubiri mtu wa mbali aje na mfadhili kwenye begi. Safari hii tuliweka hesabu zetu mezani, watu wakazikagua, wakasema hawa wanakopesheka. Tanga inakopesheka! Baba yangu angecheka mpaka apaliwe.

Umeme nao mnakumbuka mwanzoni mwa mwaka, mgao, saluni zinafungwa, samaki wanaharibika kwenye friji, mpaka mashine za bwawa la Nyerere zilipoanza kuingia tangu Februari tukapumua. Bado unakatika, lakini sio kwa ratiba.

Haya, mtaro. Msicheke, najua mlikuwa mnausubiri.

Mwaka jana mwezi kama huu nilisimama hapa hapa nikaahidi mtaro wa nyuma ya soko utakuwa umejengewa kabla ya masika. Haukujengwa. Mvua zikaja na nguvu ya El Niño, mwezi wa tano kile kimbunga Hidaya kikapita baharini kusini kwetu, na sisi hapa maji yakaingia nyumba hadi usawa wa kitanda, kuna watu walilala shuleni, magodoro yaliharibika, daftari za watoto wa darasa la saba zilianikwa kwenye kamba kama nguo. Ningeweza kuwaambia bajeti ilichelewa, na ilichelewa kweli, lakini ukweli mwingine ni kwamba mi mwenyewe nilifuatilia barua mara mbili nikaacha, nikajua wanaendelea huko, kumbe barua imelala kwenye meza ya mtu. Hilo kosa langu, sio la mvua. Tena mtaro tulipoufungua baada ya maji kupungua tulikuta nini? Chupa za maji, nepi za watoto, maboga, na godoro zima. Godoro halikuletwa na Hidaya, ndugu zangu.

Mikopo ya asilimia 10, ile halmashauri inayotenga kwenye mapato yake ya ndani, imerudi, ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu nchi nzima kulikuwa na vikundi hewa, hela zinatoka hazirudi. Nne kwa kina mama, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Kina mama wa kata hii nawavulia kofia, vijana nyinyi mnanipa presha, mnaunda kikundi Jumatatu, Ijumaa mmegombana nani awe mweka hazina. Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii na katiba ya kikundi, sio na meseji ya WhatsApp.

Kuna jambo moja dogo nalisema haraka. Kuna enzi ukikaa ufukweni asubuhi unasikia puu, baruti, samaki wanaelea na matumbawe yamekuwa kifusi. Sasa mimi naweza kunywa chai pale Sahare asubuhi nzima na nisisikie kitu zaidi ya kunguru. Hatukushukuru vya kutosha kwa ule ukimya. Tuna samaki silikanti kwenye maji yetu, kiumbe cha enzi hizo watu walidhani kimeshatoweka duniani, ana hifadhi yake tangu 2009, na tulikuwa tunampigia mabomu kichwani.

Na Coastal! Nne bora msimu uliopita, tukaenda mashindano ya Afrika. Wangola wakatutoa mapema, sawa, mtu wa African Sports, watani wetu wa hapa hapa Tanga, huko nyuma usicheke, kwanza uje ngazi yetu.

Bodaboda wangu, nimezika watoto wawili mwaka huu, sitawataja. Mji wetu ni tambarare, mji wa baiskeli, bibi kizee anaendesha kwenda sokoni kwa mwendo wake toka enzi, nyinyi mnampita kama mnakimbiza tuzo. Punguzeni mwendo pale shuleni. Sina zaidi.

Mtaro. Baada ya ile aibu ya mwezi wa tano nimefuata ile barua kwa miguu yangu mpaka ikapata saini, kipande cha kwanza kimetengewa hela, nakala ninayo hapa, anayetaka aje aisome, na aipige picha kabisa. Kipande cha pili bado. Hicho tusisubiri. Jumamosi saa moja asubuhi, nyuma ya soko, tunazibua kwa mikono mpaka kwenye kalvati, mi nakuja na majembe matatu na toroli la kuazima, mwenye koleo aje nalo, mwenye gambuti aje nazo maana kuna vioo. Na mwenye godoro lake aje alichukue, tumelihifadhi.

Chai ipo hapo pembeni, mihogo ya nazi ipo, watoto wapewe kwanza. Na hiyo maiki sasa mnaweza kuzima.